Nyumba Iwezayo Kuchukua Bahari

Dalali alipomwonyesha Maalim nyumba ya kwanza, mwaka 2021, alitarajia maswali ambayo madalali wote wa Unguja huyatarajia: hati imeandikwa jina la nani, maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa wiki, majirani ni watu wa namna gani. Maalim hakuuliza hata moja kati ya hayo. Alipiga goti ukumbini, akaigonga sakafu mara tatu kwa kifundo cha kidole, kisha akainua kichwa na kuuliza chini yake pana nini. Akaenda dirishani, akauliza jua la alasiri huingia mpaka wapi. Mwisho akauliza ngazi zina vidato vingapi, na je, mtu aliyebeba dumu la lita 20 kila mkono anaweza kupanda bila ya kugusa ukuta. Dalali alimtazama kama atazamwavyo mtu mwenye homa. Hakujua kwamba mpangaji aliyekuwa akitafutiwa nyumba alikuwa ni lita 240 za maji ya bahari.

Jambo hili lina kichekesho ndani yake, na Maalim mwenyewe alikuwa wa kwanza kukicheka. Mtu aishiye Chicago au Berlin akiitia bahari ndani ya kioo, kila mmoja ataelewa: anakitamani kilicho mbali naye. Lakini mtu wa Malindi, Mji Mkongwe, ambaye akitoka mlangoni kwake hatua mia tatu humfikisha penye maji, ambaye usiku hulisikia bamvu likigonga ukuta wa bandari, ana haja gani ya kulifungia ukumbini jambo ambalo liko wazi nje bure? Majirani walisema ni sawa na kuhifadhi upepo ndani ya mtungi. Maalim alikubaliana nao, akaendelea na kazi yake.

Waliomtangulia katika kazi hiyo walikuwa ni watu wa mbali na pwani. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, aliyachukua matumbawe hai kutoka Torquay, kusini magharibi ya Uingereza, akayapeleka London ndani ya chombo cha udongo. Pampu za kutia hewa hazikuwapo. Ikawa kazi ya mtumishi wake wa nyumbani kuyamimina maji yale kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, siku baada ya siku, ili yapate pumzi. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholieneza neno akwariamu. Maalim aliwasomesha wanafunzi wake habari hizo kwa miaka mingi, na kila alipofika penye mtumishi yule alikuwa akisita kidogo. Aliona kwamba bahari ile yote ya London ilikuwa imening'inia kwenye mikono yake.

Alikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe, na darasani kwake alikuwa na tangi dogo la kuwafundishia vijana. Alipostaafu mwaka 2006 alilichukua nyumbani. Mwaka uliofuata akamwendea fundi wa vioo wa Mlandege, akamwagiza tangi kubwa: urefu sentimita 120, upana 45, kimo 50, kioo cha milimita 10. Waliomjua walidhani ni shughuli ya mzee asiyekuwa na la kufanya. Hawakujua, au walijua wakanyamaza, kwamba mwaka huohuo wa 2007 mkewe alikuwa amepigwa na kiharusi.

Mkewe alikuwa mtu wa Makunduchi. Tangu utoto wake, bamvu likifika na maji yakitoka mbali, alikuwa akishuka pwani na wanawake wenziwe kuchokoa pweza, na hata baada ya kuolewa mjini hakuiacha desturi hiyo. Alikuwa akipanda gari alfajiri, anashinda mwambani, anarudi jioni na harufu ya mwani nguoni. Hakuhitaji jaduweli ya maji. Akiutazama mwezi alikuwa akikwambia maji yatakuwa wapi saa ngapi. Kiharusi kilimwachia ulimi wake na akili yake, na kikachukua mguu wa kulia na nusu ya mkono. Na nyumba yao ya Malindi ilikuwa ghorofa ya pili, vidato 38, vilivyosimama wima kama zilivyo ngazi nyingi za Mji Mkongwe. Mwanzo alishushwa kwa Idi mbili. Baadaye alishushwa kwa Idi moja. Kisha hakushuka tena, ila kwenda hospitali.

Hakusema neno juu ya jambo hilo. Maalim naye hakusema. Alililetea tangi mafundi wanne wa kulipandisha, akaliweka mbele ya kiti chake.

Hapa ndipo palipoanza elimu ambayo vitabu vya darasani havikuwa vimemfundisha, nayo ni elimu ya nyumba. Lita moja ya maji ya bahari ni nzito kuliko ya maji matamu. Ina uzito wa takriban kilo 1 na gramu 25. Lita 240 kwa hivyo ni kilo 246. Kioo chenyewe kilikuwa na kilo 55. Ongeza mawe, mchanga na meza ya mbao ngumu ya kulibebea, utafika kilo 370 au zaidi. Ni watu sita wazima waliosimama bega kwa bega penye nafasi ya mkeka mdogo wa kusalia, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, bila ya hata mmoja wao kwenda zake. Wageni mia wa harusi wanaweza kuijaza nyumba na kuondoka, na sakafu ikajirudi. Bahari haiendi zake.

Na dari za Mji Mkongwe zina tabia yake. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, zinazoweza kubeba ghorofa tatu na nne. Lakini kutoka ukuta hadi ukuta kinachobeba ni boriti za mikoko, na mkoko haukui kwa kiasi cha kuvuka ukumbi mpana. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba zile ni virefu na vyembamba, kama kwamba aliyevipima alikuwa ni mti wala si fundi. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha zege la chokaa likapigwapigwa mpaka likashika. Dari kama hiyo ni nzito kabla hujaweka juu yake hata kitanda. Maalim alifikiri sana, akaliweka tangi karibu na ukuta, likikata boriti nne, kwa sababu katikati ya ukumbi ndipo mti unapopinda na karibu na ukuta ndipo unapokuwa imara. Hesabu ilikuwa sahihi. Kosa lililokuwamo ndani yake lilingoja miaka 13 kujitokeza.

Mengine aliyajifunza kwa haraka zaidi. Alijifunza kwamba dirisha la magharibi ni adui: jua la saa kumi likilipata tangi, maji hupanda joto kupita digrii 30, hewa iliyomo hupungua, na mwani hukivaa kioo kwa wiki moja. Alijifunza kwamba maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haiondoki pamoja nayo. Hubaki ikazidi ukali, hivyo kinachotakiwa kuongezwa ni maji matamu, na matamu kwelikweli. Maji ya kisima cha mjini yana chumvi yake yenyewe na uchafu wake. Akawa anakinga ya mvua kutoka paani, msimu wa masika na wa vuli, na kuyaweka katika mapipa, kama walivyokuwa wakifanya wenye majumba wa zamani kwa sababu nyingine.

Lililomshangaza zaidi ni hili: bahari iliyokuwa hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake haikufaa. Mifereji ya maji machafu ya mji inamwagikia palepale. Maji ya tangi ilibidi yatoke mbali zaidi, na mvuvi mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake zamani alikubali kumletea madumu mawili kila wiki, yaliyotekwa nje ya fungu la Pange, maji yakiwa yamejaa. Kwa hiyo ukaribu wa nyumba na bahari, ambao madalali hutoza fedha nyingi kwa ajili yake, haukumsaidia lolote ila harufu. Kilo arobaini na moja za maji zilipanda vidato 38 kila Ijumaa asubuhi, na nyingine kama hizo zikashuka.

"Maalim," alimwambia mvuvi siku moja akipumua kwa nguvu juu ya ngazi, "bahari mimi nimeizoea kunibeba. Kuibeba mimi, hii ni mara ya kwanza."

Ndani ya tangi hamkuwa na vitu vya fahari. Maalim hakuvunja tumbawe hai hata moja. Palikuwa na mawe yaliyokufa zamani, mwani kidogo, kitatange mdogo, kangaja wawili wachanga waliookotwa kwenye vidimbwi vya mwambani, kaa waishio ndani ya makombe ya wenyewe, na jongoo bahari mmoja aliyekuwa akiusafisha mchanga kwa kuula. Mkewe hakushukuru. Alilitazama kwa siku tatu, ya nne akasema kitatange yule ana upweke na jiwe kubwa limewekwa upande usio wake, kwani mwambani jiwe namna ile hukaa na mdomo wake ukielekea maji yanakotoka. Jiwe likageuzwa. Akaomba aletewe mtoto wa pweza. Maalim akakataa: pweza hufungua kifuniko usiku, akatembea, na asubuhi akakutwa chini ya kabati. "Basi na atembee," mkewe akasema, "angalau mmoja wetu." Walicheka wote wawili, na mazungumzo yakahamia penginepo.

Tarehe 21 Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika. Kisiwa kilikuwa kikipata umeme wake kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka bara, na hitilafu ile iliwaacha watu gizani mpaka tarehe 18 Juni. Waliokuwapo wanakumbuka foleni za maji, nyama zilizooza na mishumaa iliyopanda bei. Maalim anakumbuka sauti ya pampu iliponyamaza. Ndani ya tangi lililonyamaza hewa huisha kwa saa, si kwa siku. Na mawe, ambayo ndani ya vinyweleo vyake huishi viumbe wasioonekana wanaoila sumu ya taka za samaki, huanza kufa nayo pia. Alichukua kata ya kifuu, akateka maji, akayainua kwa urefu wa mkono, akayaacha yaanguke. Akarudia. Alifanya hivyo mpaka usiku wa manane, mkewe akimwangazia kibatari, na alipochoka mkewe alidai kata, akaendelea kwa mkono wa kushoto. Mtumishi wa London alikuwa na dirisha wazi na nusu saa ya kazi. Wao walikuwa na kangaja wawili na mwezi mzima, wala hawakujua kwamba ni mwezi mzima. Siku ya tano kitatange alikuwa amelala ubavu. Siku ya saba hapakuwa na kilichosogea ila kaa mmoja.

Umeme ulipokatika tena, tarehe 10 Desemba 2009, hawakungoja. Siku ya pili Maalim aliwatia samaki ndani ya ndoo na mvuvi akawarudisha walikotoka. Safari ile giza lilikaa mpaka tarehe 9 Machi 2010, miezi mitatu kasoro siku moja, na mji mzima ulinguruma kwa majenereta ya wenye uwezo. Tangi lilikaa tupu. Mkewe aliomba lifunikwe kanga.

Lilipojazwa upya Maalim alikuwa mtu mwingine. Alikwisha jua kwamba nyumba ni lazima iulizwe mambo mawili kabla ya kuulizwa uzuri wake: itaweza kubeba nini, na siku itakaposhindwa, itakupa saa ngapi. Alinunua betri ya gari na pampu ndogo ya kutumia betri. Aliweka tangi jingine la plastiki, tupu, kando, kwa ajili ya dharura. Hata baada ya waya mpya wenye nguvu zaidi kuanza kazi mwaka 2013, hakuiondoa betri ile pale ilipo.

Wapenzi wa mashairi watamsamehe kwa tafsiri aliyokuwa akiipenda miaka ile, na ambayo wageni wake walilazimika kuisikia zaidi ya mara moja. Watunzi wetu, alikuwa akisema, huita namna za tungo zao bahari, nalo ni neno la Kiarabu lenye maana hizo mbili vilevile. Na beti zetu zimetokana na neno ambalo kwa Waarabu ni mstari wa shairi na pia ni nyumba. Kwa hiyo kila mtunzi hufanya kazi ya kuiingiza bahari ndani ya nyumba, na huifanya kwa mizani. Yeye alikuwa akifanya hivyohivyo, ila mizani yake ni ya kilo. Mkewe, aliyekwisha kuusikia mfano huu mara nyingi, alikuwa akiongeza kwamba shairi likivuja halimlowanishi jirani wa chini.

Na hapo alikuwa amesema kweli. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile la mwaka 1883, kubwa kuliko yote ya pwani ya Forodhani, ambalo jina lake lina lile neno lenyewe la nyumba, lilianguka mchana watu wakiona. Wiki zilizofuata hapakuwa na mwenye nyumba katika Mji Mkongwe ambaye hakutazama juu darini kwake. Maalim alimwita fundi wa chokaa, mzee aliyekuwa amezijenga upya nyumba nyingi za Malindi na Kiponda. Fundi alishuka kwa jirani wa chini, akatoboa lipu kwa ncha ya patasi penye vichwa vya boriti, pale zinapoingia ukutani. Patasi iliingia kama kisu katika muhogo uliochemshwa.

Hilo ndilo lilikuwa kosa la hesabu. Karibu na ukuta ndipo boriti inapokuwa imara ikiwa kichwa chake ni kikavu. Lakini kichwa kilichomo ndani ya ukuta wa matumbawe hunywa kila kinachonywewa na ukuta: mvua ya mfereji uliopasuka paani, na, kwa miaka 13, matone ya kila Ijumaa, jasho la kioo, mvuke wa chumvi usioonekana. Sakafu chini ya tangi ilikuwa imezama kwa unene wa kidole. Kipima usawa cha fundi kilionyesha hivyo, na maji ya tangi yenyewe yalikuwa yakionyesha hivyo siku zote, kwani upande mmoja yalikuwa karibu zaidi na ukingo kuliko wa pili. Maalim alikuwa ameliona jambo hilo kila asubuhi, naye akaliita kosa la fundi wa vioo.

"Maalim, dari hii imechoka," fundi akasema kwa heshima, macho yake yakiwa chini. "Ama uitoe bahari, ama utoke nayo."

Mkewe alikuwa akisikia. Akasema kutoka kitini, "Litoeni. Mie nimeshaiona bahari yangu." Kisha akauelekeza uso dirishani, kunakoonekana ukuta wa jirani tu.

Maalim alianza kutafuta nyumba wiki ileile. Kila aliyemuuliza alimwambia ni kwa ajili ya samaki.

Nyumba ile ya kwanza, ambayo dalali alishuhudia magoti yake, ilikuwa Kiponda. Ilikuwa na sehemu ya chini iliyojaa baridi tamu, sakafu iliyolala juu ya ardhi, kichochoro chembamba kisichoruhusu jua kuingia hata mwezi wa Februari. Kwa tangi palikuwa peponi. Lakini chini palikuwa na chumba kimoja tu na duka. Makaazi yalikuwa juu. Samaki wangekaa chini, na mwenye kuwatazama angekaa ghorofani. Maalim alisema kuta zina unyevunyevu mwingi, na ilikuwa kweli, na akashukuru kwamba ilikuwa kweli.

Ya pili ilikuwa Michenzani, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Dari za zege haziogopi kilo 370. Dalali alimpeleka roshani ya ghorofa ya tano na kumwonyesha bahari yote, kutoka bandarini mpaka visiwani, ikimetameta. "Hapa Bi Mkubwa ataiona bahari kila siku," akasema, kwani naye hakuwa mjinga. Maalim alisimama pale kwa muda mrefu. Dirisha lilitazama magharibi. Maji ya bomba hayakuwa na nguvu ya kufika juu kila siku. Na ngazi, alizozihesabu wakati wa kushuka, zilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile za Malindi. Mtu akipandishwa huko angeiona bahari mpaka siku ya kushushwa.

Ya tatu ilikuwa Kiembe Samaki, na Maalim hakuwa mtu wa kuzipuuza ishara za majina. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya siku hizi: matofali ya saruji, paa la bati, sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya jiwe lenyewe la kisiwa, kidato kimoja tu mlangoni, nacho kifupi. Ndege za uwanja wa karibu zilipita juu yake na kuzitikisa sahani. Mji uko mbali. Bati lingelichemsha tangi mchana, kwa hivyo dari ya mbao ingehitajika, na feni. Kuta zake hazina miaka thelathini wala hazina hadithi. Maalim alikuwa amezaliwa Malindi. Baraza yake ya kahawa ilikuwa Malindi, na msikiti, na watu wanne aliokuwa akibishana nao juu ya mashairi tangu ujana wao, ambao sasa wamebaki watatu. Alipiga goti, akagonga sakafu. Haikujibu kitu. Ilikuwa ni ardhi.

Bintiye aishiye Maskati alimpigia simu usiku ule. "Baba, kwani usiseme tu kwamba ni kwa ajili ya Mama?"

"Mama yako," Maalim akajibu kwa sauti ya chini, "ukimwambia ni kwa ajili yake, hatatoka. Atasema tusihangaike. Atakaa juu pale mpaka dari ituteremshe sote."

"Na wewe Mji utauacha?"

"Samaki hawapandi ngazi, mwanangu."

Asubuhi, juu ya chai, mkewe alianza kumuuliza habari za nyumba ile. Aliuliza kama sakafu ni tambarare. Aliuliza kama kuna kizingiti baina ya ukumbi na uani. Kisha, akiwa anaumega mkate wake polepole kwa mkono wa kushoto, akauliza: "Na mlango wake upana gani? Tangi litapita?"

"Sentimita 90," Maalim akasema. "Litapita."

Tangi lina upana wa sentimita 45. Wote wawili walilijua hilo. Kiti cha magurudumu ambacho binti alikuwa amekileta mwaka uliotangulia, na ambacho hakijawahi kushuka ngazi, kina upana wa sentimita 63, nacho kilikuwa pale pembeni kimekunjwa, kimetundikwa nguo.

Walihama baada ya masika. Maji ya zamani yalitiwa katika madumu 12, mawe yakafungwa ndani ya magunia yaliyolowanishwa kwa maji ya bahari ili wale wasioonekana wasife njiani, samaki wakasafiri ndani ya ndoo zenye vifuniko, betri ile ya gari ikiwapulizia. Bi Mkubwa alishushwa vidato 38 mgongoni kwa mvuvi, akiwa amejitanda kanga mbili na kuwaamuru watu wasimtazame. Jirani wa chini, aliyedondokewa na matone kwa miaka yote ile, alilia kuliko ndugu. Wiki ya kwanza Kiembe Samaki kangaja hakula. Wiki ya pili alikula. Maalim aliweka tangi kwenye ukuta wa mashariki, mbali na dirisha, akapima usawa wa maji kwa rula kila pembe, na akarudia kuupima kesho yake, na kesho kutwa.

Mvuvi sasa alikuwa akiteka maji upande wa Chukwani, kwani ndiko karibu, na kuyaleta kwa pikipiki. Siku ya bamvu la mwezi mpevu alipopita kuchukua madumu matupu, Bi Mkubwa alikuwa amekwisha vaa buibui, ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu katikati ya mlango.

"Leo nitayachagua mwenyewe," akasema. "Mnaniletea maji ya ovyo."

Ilikodiwa gari. Mwisho wa njia, mahali mchanga ulipokuwa mgumu, walimsukuma mpaka magurudumu ya mbele yakalowana. Maji yalikuwa yakipanda polepole, rangi yake ya maziwa, kwa kuwa usiku mvua ya mwisho wa msimu ilikuwa imenyesha. Maalim alitoa kipima chumvi mfukoni. Mkewe hakumngoja. Aliinama upande wake mzima, akachovya kidole, akakitia ulimini, akatema.

"Bado," akasema. "Hii ni mvua. Ngojeni yajae."

Mvuvi akayapindua madumu juu chini mchangani, moja akampa Maalim akalie, na wakangoja.